Mume wa Utani

Wachimbaji wa Bulyanhulu wakimwita daktari, Anisia huwarekebisha. Hafanyi hivyo kwa ukali. Humaliza kwanza kufunga kidonda, hukunja bandeji iliyobaki na kuirudisha kwenye kopo lake, halafu husema, "Mimi ni nesi, baba. Daktari yuko Kahama." Wao huitika, na kesho yake humwita daktari tena. Mtu aliyefukiwa na shimo la dhahabu mpaka kiunoni, akatolewa akiwa hai na kuoshwa mchanga machoni na mwanamke huyu, haoni sababu ya kubishania jina la kazi.

Wengi wanaomfahamu hapo zahanati wanadhani ni unyenyekevu. Sisi tuliokua naye Ushirombo tunajua kwamba neno lile lina habari yake. Nilipomwomba niiandike alifikiri kidogo, akakubali kwa sharti moja: nisimfanye kuwa mtu mwema kuliko alivyo.

Baba yake alikuwa Dominiko, mkulima wa pamba mwenye ng'ombe wa kutosha, na mama yake Theopista. Theopista alikuwa na kaka mmoja, Januari, aliyeishi ng'ambo ya pili ya mto, mwendo ambao mtoto angeweza kutumwa chumvi akarudi kabla maji ya ugali hayajachemka. Januari alikuwa na mtoto wa kiume, Kalisti, aliyezaliwa nyuma kidogo ya Anisia. Walibatizwa siku moja.

Kwa desturi yetu, mtoto wa mjomba na mtoto wa shangazi ni watani. Kwa kuwa hawa walikuwa wa kike na wa kiume, waliitana mke na mume tangu hawajaota meno ya pili. Ndoa baina yao haikuwezekana, wazee wasingeikubali wala padre asingeifungisha, na ndiyo sababu mzaha uliruhusiwa kwenda mbali. Kalisti angeingia uani kwa Dominiko, akakaa kwenye kigoda cha mwenye nyumba, akauliza, "Baba mkwe, ng'ombe wangu wananenepa?" Dominiko angejibu kwamba wamekonda wote kwa kuiona sura yake. Kalisti angekamata kuku wa shangazi yake na kuondoka naye, na Theopista asingedai. Anisia naye angemletea maji akipiga magoti kama bibi arusi, halafu angeyamwaga kwenye miguu yake na kusema hajaona mume mwenye vumbi namna ile.

Utani wetu una kanuni moja ambayo hata watoto wanaijua. Mtani hakani wala hakasiriki. Akikana ameharibu mchezo, na akikasirika analipa kuku, anamtoa mbele ya watu kwa mkono wake mwenyewe. Katika miaka yote ya utoto wao hakuna aliyewahi kumlipa mwenzake kuku.

Anisia alikuwa na dada mkubwa, Scolastika, aliyekuwa ameolewa upande wa Masumbwe. Mwaka Anisia alipokuwa darasa la saba Scolastika alishikwa na uchungu ukakaa vibaya. Wakampakia kwenye mkokoteni wa ng'ombe kumpeleka hospitali ya misheni, Anisia akapanda pamoja naye kumkinga jua kwa kanga. Ng'ombe walitembea kwa mwendo wa ng'ombe. Dada yake alifia njiani mchana kweupe, na waliokuwa wakiswaga wanasimulia kwamba mtoto yule aliendelea kuinyoosha ile kanga juu yake mpaka walipofika, wala hakuna aliyemwambia aishushe.

Tangu hapo hakutaka kazi nyingine. Alikwenda shule ya wasichana ya masista, akaendelea mpaka kidato cha sita katika kemia na biolojia. Kalisti alisoma seminari, akaacha njia ya upadre, akamaliza kidato cha sita naye pia. Likizo walisoma pamoja chini ya ukuta wa ghala la pamba. Kemia, Anisia ndiye aliyekuwa akimfundisha Kalisti. Kiingereza Kalisti alikisema vizuri zaidi, kwa kujiamini, kama mtu anayetafuna muwa.

Mwaka 1970, walipotoka Jeshi la Kujenga Taifa, Padre Marcelino, paroko wetu, aliwaita. Shirika moja la madaktari wa Ujerumani lilikuwa limefungua njia ambayo kwetu ilikuwa haijasikika. Mwanafunzi angesoma sayansi miaka miwili katika chuo cha hapa nchini, jioni akifundishwa Kijerumani. Chuo cha udaktari cha kule ng'ambo kingeihesabu ile miaka miwili kama yake, kwa hiyo akifaulu angevuka na kuendelea palepale alipofikia, bila kuanza upya, mpaka awe daktari kamili, kisha arudi kutumikia nyumbani. Kwa parokia zote za upande wetu nafasi ilikuwa moja. Padre aliandika jina la Anisia kwanza kwa sababu ya alama zake. La Kalisti aliliweka la pili, endapo la kwanza litakwama.

Kalisti alifurahi, au tulivyoona sisi alifurahi. Alitangaza mnadani kwamba mke wake anakwenda kuwa daktari, naye ataacha kazi zote amshikie mkoba.

Sharti moja liliwahusu wasichana peke yao. Wasichana wawili wa jimbo jingine waliotangulia waliolewa wakaacha masomo katikati, na wafadhili walichukia. Basi msichana alitakiwa awe hajaolewa wala kuchumbiwa. Padre aliwasomea sharti hilo wote wawili, wamekaa kwenye benchi moja.

Daktari mgeni wa shirika lile alikuja wakati wa kiangazi. Alimhoji Anisia ofisini kwa padre muda mrefu, akamwuliza kwa nini anataka kazi hii, naye akamweleza habari ya mkokoteni na kanga. Padre Marcelino alisema baadaye kwamba mgeni yule alitoka mle ndani akiwa ameshamchagua. Kilichobaki ni kuiona nyumba yao, kama walivyofanya kwa kila mwanafunzi. Padre alikuwa na wachumba wa kuwafundisha siku ile, kwa hiyo Kalisti ndiye aliyepanda Landrova kumwonyesha mgeni njia. Anisia alitangulia kwa baiskeli ya kaka yake ili amsaidie mama kupika.

Mimi nilikuwepo uani. Theopista alikuwa amechemsha michembe ya viazi vitamu na karanga, na majirani walikuwa wamekuja kama watu wanavyokuja gari linaposimama. Kalisti alishuka, akaenda moja kwa moja akakaa kwenye kigoda cha Dominiko. Akauliza kama ng'ombe wake wananenepa. Dominiko akajibu alivyozoea kujibu, akaongeza kwamba mwaka huu mkwe alete jembe maana maneno yamemshibisha. Kalisti akageuka, akasema kwa Kiswahili, "Mke wangu, nimechoka na safari, maji." Anisia akaleta maji kwa magoti, kichwa ameinamisha, mikono yote miwili kwenye kata, jinsi hasa anavyofanya bibi arusi wa juzi. Hakumwagia miguu, kwa heshima ya mgeni. Wanawake wakapiga vigelegele. Tulicheka wote, na mgeni naye akatabasamu.

Kisha mgeni akainama kwa Kalisti, akamwuliza jambo kwa sauti ya chini. Kalisti akamjibu kwa neno moja au mawili. Mgeni akatikisa kichwa taratibu, akamtazama Anisia, akala michembe yake. Anisia anasema aliliona lile tazamo na alidhani ni la kuridhika.

Jumapili iliyofuata, misa ilipokwisha, padre alimwita kando ya mlango wa sakristia. Alimwambia bila kuzunguka kwamba daktari amekataa jina lake kwa kuwa ana mume, na kwamba mume mwenyewe ndiye aliyempeleka nyumbani.

Anisia alicheka. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alimweleza padre kilichotokea, na padre, ambaye ni mtu wa huku na ana watani wake, alicheka kidogo pia, ila yake haikudumu.

"Nimemwambia hivyo mimi mwenyewe," alisema. "Haamini. Anaona padre anamtetea binti wa parokia yake. Anasema alimwuliza yule kijana kama ni mkewe, na kijana akasema ndiyo. Bado yuko Kahama. Aliyesema ndiyo ndiye aende akaseme hapana."

Anisia alivuka mto palepale na nguo za misa. Alimkuta Kalisti amepindua baiskeli, anaziba tairi. Akamsimulia kama kichekesho, na Kalisti akacheka kama kichekesho.

"Sasa ningesemaje?" alimwuliza. "Nikane? Ungenidai kuku mbele ya mzungu."

"Nenda leo ukamwambie."

"Leo tairi. Kesho alfajiri nakwenda, mke wangu. Nitamwambia nimekupa talaka."

Kesho yake alikwenda kweli, watu walimwona akipita na baiskeli kuelekea Kahama. Aliporudi alipitia kwa shangazi yake, akala, akasema mambo yamekwisha, daktari ameelewa na amecheka sana. Usiku ule Theopista alisali rozari ya shukrani. Dominiko alikuwa amekwisha mnunulia binti yake sanduku la bati mnadani na kulitia jina lake kwa rangi nyeupe.

Jibu lilipokuja, jina lililosomwa lilikuwa la Kalisti.

Alikuja mwenyewe kulieleza, na safari hii hakukaa kwenye kigoda. Alisema daktari alielewa, lakini wakubwa wake walikuwa wamekwisha amua na hawakutaka kurudi nyuma. Alisema alitaka kukataa. Akauliza kama akikataa nafasi itarudi kwa Anisia, au itakwenda kwa mtu wa Tabora na Ushirombo ikose mtu kabisa. Alikuwa na macho mekundu. Anisia alimwamini. Hapa ndipo anaponikatiza kila tukizungumza, anataka niliweke wazi: alimwamini, wala hakuna aliyemshurutisha. Alikaa naye siku kadhaa akimpitisha katika kemia aliyokuwa dhaifu. Alimshonea vifungo vya mashati. Dominiko akalitoa lile sanduku la bati, wakakwangua jina kwa kisu, lakini rangi haikutoka vizuri, na Kalisti aliondoka na sanduku ambalo ukiligeuza kwenye mwanga ungeweza bado kusoma jina la mwenzake.

Anisia alikwenda kusomea uuguzi hospitali ya misheni. Alijiambia njia ile itafunguliwa tena, na kwamba Kalisti akiwa ndani atamvuta.

Kiangazi kilichofuata daktari yule alipita hospitalini hapo. Anisia alikuwa akitandika vitanda wodi ya wazazi. Sista alimwita barazani, akamkuta mgeni amesimama na furushi la karatasi, amefurahi kama mtu anayeleta habari za nyumbani. Ndani ya furushi mlikuwa na shali ya sufu.

"Mumeo anakusalimu," alimwambia kwa Kiingereza. "Hii ni zawadi ya mke wangu kwako. Tunajua si rahisi kumngoja mtu miaka yote hiyo."

Anisia alidhani hakusikia sawasawa. Akamwambia, kwa adabu, kwamba Kalisti ni mtoto wa mjomba wake na kwamba yeye hajaolewa. Mgeni akatabasamu kwa upole.

"Alinieleza," alisema. "Kwenu mke hamkiri mumewe mbele ya mgeni. Ni aibu nzuri. Nisamehe kwa kukusumbua."

Aliendelea kueleza, akidhani anamfariji. Vijana waliotumwa ng'ambo bila mke walikuwa wakioa hukohuko na hawarudi. Kwa hiyo wakubwa wake walipomwona Kalisti, mwenye mke kijijini na baba mkwe mwenye ng'ombe, walimwona ndiye wa kuaminika. Kalisti mwenyewe, siku ile alipofika Kahama na baiskeli, aliwaambia jinsi alivyoongea na mkewe, wakakubaliana yeye atangulie. Daktari alisema alikuwa hajaona mwanamke mwenye moyo kama huo.

Anisia aliipokea shali. Alisema asante. Akarudi wodini akamaliza vitanda vilivyobaki, na aliponisimulia alisema kwamba alivitandika vizuri, pembe zote zimekaa. Kitu kilichomwuma wakati ule, anasema, hakikuwa nafasi. Kalisti alikuwa ameketi mahali mbele ya wageni akatafuta, katika mambo yote ya kwao, lile litakaloufanya ukweli wa Anisia usisikike hata akiusema kwa mdomo wake. Angeweza kumsingizia wizi au ugonjwa. Yeye alichukua michezo yao ya utotoni.

Alipopata ruhusa alikwenda nyumbani, akamweleza padre na wazazi wake. Padre Marcelino alisimama. Alisema atasafiri mpaka kwa wakubwa wa shirika, na asipoaminiwa atamwomba askofu aseme, na kwamba kijana yule hatamaliza muhula. Anisia alimwangalia mama yake.

Theopista alikuwa anapepeta karanga. Aliweka ungo chini.

"Ukimtoa huko, nafasi itakurudia?" aliuliza.

Padre alisema hawezi kuahidi.

"Basi huyu ni mtoto wa kaka yangu. Na mimi nina kaka mmoja." Akageuka kwa Anisia. "Dada yako alikufa kwa kukosa daktari. Wewe hukuwa. Acha basi hata awe huyo. Tutakuwa naye mmoja."

Dominiko alikuwa akitazama zizini. Anisia alingoja baba yake aseme, akangoja sana, na alipoona hasemi alimwambia padre asisafiri. Hakusamehe, anasema, watu wasije wakaandika kwamba alisamehe. Alinyamaza tu. Padre alihamishwa parokia mwaka huohuo, na jambo likafunikwa. Mjomba Januari mpaka anakufa hakujua mtoto wake aliipataje nafasi ile, na aliwaambia wageni wote kwamba Anisia aliachia kwa hiari.

Kalisti alivuka ng'ambo, akamaliza, akarudi daktari kweli. Alipangiwa kazi Dar es Salaam na akabaki huko. Alioa huko. Ushirombo alikuja mara chache, siku mbili tatu, na kila alipokuja Anisia alikuwa kazini mbali. Aliacha salamu zilezile kwa watu: mwambieni mke wangu mumewe alipita. Waliozibeba walizifikisha wakicheka, kwa kuwa kwao bado zilikuwa utani. Alikuwa mmoja, kama alivyosema Theopista, lakini hatukuwa naye. Wanawake wa Masumbwe waliendelea kupakiwa kwenye mikokoteni.

Anisia aliolewa na Nkwabi, mwalimu wa shule ya msingi, mtu mpole anayepanda miti kila anapohamishiwa. Wakampata Limi. Watu walipoanza kumiminika Bulyanhulu kuchimba, Nkwabi akahamishiwa karibu na huko, na Anisia akapewa zahanati. Ile shali ya sufu alimfunikia mtoto wa kwanza kuzaliwa mle akiwa njiti, na mama yake akaondoka nayo.

Januari alifariki mwaka 1984. Anisia alimpenda mjomba wake. Alifunga zahanati, akaaga, akapanda lori la pamba lililokuwa likirudi Kahama tupu. Mikononi alikuwa na kikapu cha ukindu kilichofungwa mdomo kwa kitambaa. Limi alimwuliza kilichomo, akaambiwa ni cha msibani.

Msiba wetu bila mtani haukai. Mtani ndiye anayewaruhusu waliofiwa wapumue. Anisia alifika, akalia kwanza kama mpwa, akanawa uso, kisha akaingia ndani akatoka amevaa kofia na koti la marehemu. Alitembea uani kwa mwendo wa Januari, akakohoa kikohozi chake, akawasimamia wachimba kaburi akilalamika kwamba shimo lile ni la mtu mfupi. Akaficha jembe mpaka wamwahidi kipande cha nyama. Mjane, Lukresia, mama yake Kalisti, aliyekuwa hajafungua mdomo tangu asubuhi, alicheka akijifuta machozi kwa ncha ya kanga. Mtu asiyejua angesema hakuna mtani aliyetimiza kazi yake vizuri kama huyu.

Gari la Kalisti lilifika mchana, Pijo nyeupe iliyojaa vumbi. Alishuka na suti, amenenepa, nywele zimeanza kurudi nyuma. Alimkumbatia mama yake, akalia, watu wakamwachia nafasi. Alipotulia akamwona Anisia amesimama na kofia ya baba yake kichwani. Uso wake ulichangamka. Nadhani kwa kweli alifurahi. Nadhani kwa miaka yote ile alikuwa amejisadikisha kwamba salamu zake zilikuwa zinapokewa.

"Mke wangu," alisema kwa sauti ya kusikiwa na wote, "mumeo nimefika. Maji yako wapi?"

Watu wakageuka wakitabasamu. Tulijua lingefuata nini, maji kwa magoti, au maji miguuni.

Anisia alivua kofia. Alikunja goti kidogo, kama inavyopasa.

"Shikamoo, daktari."

Hakuna anayempa mtani wake shikamoo. Na Kalisti alikuwa mdogo kwake. Hata waliokuwa jikoni walichungulia. Kalisti alijaribu kucheka.

"Leo mke wangu amekasirika," aliwaambia watu. "Basi atalipa kuku."

"Nimekuja naye," Anisia alisema.

Alikwenda kwenye kikapu chake, akafungua kitambaa. Alikuwa kuku jike mwekundu, amefungwa miguu kwa uzi wa bandeji. Akamleta mbele za watu kwa mkono wake mwenyewe.

Jilala, mtoto wa baba mdogo wake Januari, ambaye sasa ndiye alikuwa mkubwa wa ukoo, aliinuka kwenye kiti. Alimwuliza polepole, "Mama Limi, kanuni unaijua. Mtu akilipa, amekasirika kweli. Umemkasirikia lini huyu?"

"Kiangazi cha mwaka sabini na moja, mjomba."

"Na unalipa leo?"

"Nilizuiwa kulipa."

Hakueleza zaidi. Jilala alimtazama Kalisti, akingoja, kwa kuwa desturi inampa mwenzake nafasi ya kumkataa yule kuku na kusema tuyamalize; akimpokea, utani umekwisha. Kalisti alifungua mdomo. Palikuwa na watu wengi, mama yake alikuwa pale, na baba yake, aliyewaambia wageni wote kwamba nafasi ile iliachiwa kwa hiari, alikuwa amelala ndani akingoja kuzikwa. Ili amkatae yule kuku ingebidi aseme sababu. Nilimwona Theopista ameinamisha kichwa, anachora chini kwa kidole.

"Anisia," alisema Kalisti, kwa sauti ya chini.

"Shikamoo," Anisia alirudia.

Akangoja kama alivyowahi kumngojea baba yake.

"Marahaba," Kalisti alisema, akapokea kuku.

Tangu siku hiyo si watani. Wakikutana, na wamekutana mara mbili tangu hapo, Anisia humwamkia kama mkubwa wa kazi naye huitika. Limi anamwita daktari, wala hajui kwamba ni mjomba wake.

Siku ile Kalisti alibaki pale uani na suti yake, kuku kwapani, maana kuku wa namna ile hapokelewi na mtu mwingine kwa niaba, wala hachinjwi msibani. Anisia alivaa tena kofia ya mjomba wake, akakohoa kikohozi kile, akarudi kukaa na mjane.